readelf, objdump, nm au LLVM: ushike zana ipi unapopekua faili la objekti

Anayetaka kupekua faili lililotoka kwenye kompaila kwa kawaida huanza na `objdump`, kwa sababu ndilo jina alilolizoea. Mara nyingi humfaa. Lakini objdump ni moja tu kati ya zana nyingi za mstari wa amri zinazofanya kazi zinazokaribiana, na tofauti zao hujitokeza faili linapokuwa bovu, la prosesa nyingine, au linapokuwa limepunguzwa taarifa zake. Hapo zana moja hukaa kimya, ya pili hulalamika, na ya tatu hukupa jibu.

Ulinganisho huu unaegemea Linux na ELF, yaani fomati ya mafaili ya programu na maktaba huko, maana huko ndiko kwenye zana nyingi za kuchagua. macOS na Windows nitazigusa kwa ufupi.

Msimamo wangu ni huu: swali litangulie zana. Ukiuliza faili lenyewe limeundwaje, shika `readelf`. Ukiuliza maagizo yaliyomo yanafanya nini, shika `objdump`. Ukitaka kutoa faili jingine kutokana na hili, shika `objcopy`. Nyingine zote ni njia za mkato, au ni zilezile tatu zilizoandikwa upya na watu wengine kwa sababu zao.

## Ramani mbili ndani ya faili moja

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo moja la kuelewa kuhusu ELF. Faili hili hubeba ramani mbili za baiti zilezile. Ya kwanza ni vichwa vya seksheni: `.text` yenye maagizo, `.rodata` yenye data isiyobadilika, `.data`, `.bss`, `.symtab` na wenzao. Hiyo ni ramani ya linka, programu inayounganisha mafaili ya `.o` kuwa programu moja. Ya pili ni vichwa vya programu, ambavyo vinaeleza segmenti: baiti zipi zipakiwe kwenye kumbukumbu, kwenye anwani ipi, na kwa ruhusa gani. Hiyo ni ramani ya kerneli na ya kipakiaji cha maktaba.

Faili la `.o` kwa kawaida lina ramani ya kwanza tu. Programu iliyokamilika huwa nazo zote mbili, lakini ili iendeshwe inahitaji ya pili peke yake. Ukifuta vichwa vyote vya seksheni kwa zana kama sstrip, programu itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Zana inayotegemea seksheni ndiyo itakayopotea njia.

## readelf na objdump

Wengi hudhani hizi mbili ni kitu kimoja chenye majina mawili, kwa kuwa zote zimo katika mkusanyiko wa zana uitwao GNU Binutils na zote huonyesha seksheni, simboli (majina ya funksheni na data) na rilokesheni (mapengo ambayo linka itayajaza). Tofauti iko chini zaidi. objdump, pamoja na nm, size na objcopy, husoma mafaili kupitia maktaba iitwayo BFD. BFD hulichukua faili la fomati yoyote inayoifahamu, iwe ELF, PE ya Windows au S-record, na kuligeuza kuwa sura moja ya ndani. Zana huzungumza na sura hiyo, si na faili lenyewe. Ndiyo maana objdump ileile inaweza kukufungulia `.exe` na `.o` bila wewe kubadili chochote. Hasara yake ni kwamba unachokiona ni tafsiri ya BFD, na mambo ambayo ni ya ELF peke yake hayana nafasi nzuri katika tafsiri hiyo.

readelf haipiti huko. Iliandikwa isitegemee BFD, kwa makusudi, ili kasoro ya BFD isiiguse. Inasoma ELF tu, na inakuonyesha kila uga kama ulivyoandikwa. Kwa hiyo faili likiwa limevunjika, au ukishuku kwamba linka imefanya vituko, readelf ndiyo shahidi wa kuaminika zaidi.

Chukua ile programu isiyo na vichwa vya seksheni. `objdump -d` juu yake mara nyingi huchapa jina la fomati kisha inanyamaza, maana haijui seksheni ipi ina maagizo. `readelf -l` inakuonyesha segmenti zote bila shida, na kutoka hapo unajua maagizo yanaanzia wapi.

Mfano wa pili huwasumbua watu kila siku. Unaendesha programu, mfumo unajibu `No such file or directory`, ilhali faili liko palepale unaliona kwa macho. Faili lisilopatikana si programu, ni kipakiaji chake. Andika:

```
readelf -l programu | grep interpreter
```

Utaona, kwa mfano, `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`. Ikiwa programu ilikompailiwa kwa glibc, maktaba ya C ya distro nyingi, na wewe umeipeleka kwenye Alpine Linux, inayotumia maktaba nyingine iitwayo musl, njia hiyo haipo, na kerneli inakupa ujumbe unaopotosha. Hakuna haja ya kufasiri hata agizo moja la mashine ili kulijua hilo.

Maswali mengine ya aina hii: `readelf -h` kwa aina ya faili na prosesa yake, `readelf -d` kwa maktaba zinazohitajika na njia za kuzitafuta (NEEDED, SONAME, RUNPATH), `readelf -n` kwa kitambulisho cha ujenzi. Ongeza `-W` kila mara. Bila hiyo, readelf hukata majina marefu ili yaenee kwenye safu 80, na katika C++ majina marefu ndiyo kawaida. Sijui kwa nini mtu angependa kuitumia bila `-W`.

Sasa geuza upande. Kwenye maagizo yenyewe readelf haina la kukuambia, haifasiri asembli. Hapo objdump inatawala. Chaguo ninaloliona kuwa na thamani kuliko yote ni mchanganyiko wa `-d` na `-r` kwenye faili la `.o`. Katika faili ambalo halijaunganishwa, mwito wa `printf` kwenye x86-64 huonekana kama `e8 00 00 00 00`, yaani mwito wa kwenda kwenye agizo linalofuata, jambo lisilo na maana. Ukiongeza `-r`, chini ya mstari huo inajitokeza `R_X86_64_PLT32 printf-0x4`, na mambo yanakaa sawa: hizo sifuri ni pengo ambalo linka italijaza. Anayesoma `.o` kwa `-d` pekee anasoma nusu ya habari.

`-S` huchanganya msimbo chanzo na asembli, mradi ulikompaili kwa `-g` na mafaili ya chanzo yangalipo. `-M intel` hubadili mwandiko wa AT&T, ambao ndio chaguo-msingi kwenye x86. `--disassemble=main` hukuonyesha funksheni moja badala ya mafuriko ya mistari. `--visualize-jumps=color`, iliyokuja na Binutils 2.34 mwaka 2020, huchora mishale ya miruko pembeni. Mtu akishaizoea haachi. Jihadhari na `-D`, herufi kubwa: hufasiri kila seksheni kana kwamba ni maagizo, data ikiwemo, na matokeo yake yanaweza kukudanganya kwa sababu karibu baiti yoyote ya x86 inaweza kusomeka kama agizo fulani.

Kuna swali moja ambalo zana hizi mbili hugawana. Programu ikikataa kuendeshwa kwa kudai `GLIBC_2.34`, `readelf -V` itakuonyesha kwamba toleo hilo linahitajika kweli. Lakini ni funksheni gani inayolidai? Hapo `objdump -T programu | grep GLIBC_2.34` ni ya haraka zaidi, na mara nyingi utamkuta `__libc_start_main`, ambayo karibu kila programu huiita inapoanza. Ikiwa ni hiyo, kubadili msimbo wako hakutasaidia. Kompaili kwenye mfumo wenye glibc ya zamani zaidi.

## Njia za mkato: nm, size, strings

nm ni orodha ya simboli na si zaidi. Herufi moja kabla ya jina ndiyo yote unayohitaji: `T` ni funksheni iliyomo, `U` ni simboli inayohitajika kutoka kwingine, `D` na `B` ni data, `W` ni simboli dhaifu. Herufi ndogo kwa kawaida humaanisha kwamba simboli haionekani nje ya faili lake. readelf `-s` ina habari nyingi zaidi kuhusu simboli hizohizo, lakini linka inapolalamika kwamba haijaona kitu, swali ni moja tu: nani anacho? Hapo `nm -A --defined-only *.o | grep ' T jina'` hushinda kila zana.

Watu hukwama na nm kwa mambo mawili. La kwanza, faili lililopunguzwa kwa strip, zana ya kufuta simboli, hujibu `no symbols`, na mtu anadhani hakuna kitu. Jaribu `nm -D`, kwa sababu jedwali la simboli za kuunganisha wakati wa kuendesha huwa halifutwi. La pili ni C++. Weka `-C` ili majina yasomeke, lakini ukishuku kutolingana kwa maktaba, yasome pia bila `-C`. Tangu GCC 5 mwaka 2015, `std::string` ina sura mbili, na ile mpya hubeba `__cxx11` ndani ya jina. Faili moja likiwa nayo na jingine halina, umeshapata ugomvi ulipo.

size ni ya wanaobana nafasi. Safu yake ya `text` inajumlisha maagizo na data isiyobadilika, kwa hiyo usishangae jedwali kubwa la `const` likivimbisha "msimbo". Kwa maikrokontrola hesabu ya kawaida ni kwamba flashi hubeba `text` na `data`, na RAM hubeba `data` na `bss`. Ukitaka mgawanyo kamili wa kila seksheni, tumia `size -A`.

strings haihitaji maelezo mengi. Hutafuta mifululizo ya herufi kuanzia nne, `-t x` huongeza mahali ilipo, na `-e l` huona maandishi ya baiti mbili mbili ambayo programu za Windows huyapenda. Ina historia yake ya usalama, nitairudia.

## GNU, LLVM au elfutils

Karibu kila zana iliyotajwa ina pacha katika LLVM, mradi wenye kompaila ya Clang: llvm-objdump, llvm-readelf, llvm-nm, llvm-size, llvm-objcopy, llvm-strip. Machaguo yamefanana kwa makusudi, hata kerneli ya Linux inaweza kujengwa kwa `make LLVM=1`, na zana zote za GNU zikabadilishwa kwa mkupuo. elfutils nayo ina familia yake, yenye kiambishi `eu-` mbele.

| | GNU Binutils | LLVM | elfutils |
|---|---|---|---|
| Fomati | nyingi mno, kutegemea ilivyojengwa | ELF, PE/COFF, Mach-O, Wasm | ELF tu |
| Prosesa katika usakinishaji mmoja | mara nyingi chache | nyingi | hufasiri asembli ya chache |
| Baiti tupu zisizo na kichwa | ndiyo | hapana | hapana |
| Bitkodi ya LTO (uboreshaji wa msimbo wakati wa kuunganisha) | kwa programu-jalizi | ndiyo, kwa llvm-nm | hapana |
| Matokeo ya JSON | hapana | ndiyo, kwa llvm-readelf | hapana |

Mstari wa pili wa jedwali, ule wa prosesa, ndio unaowahamisha watu wengi. Distro nyingi hukupa objdump iliyojengwa kwa prosesa ya mashine yako. Ukiilisha faili la ARM, inakujibu `can't disassemble for architecture UNKNOWN!`. Dawa ni kusakinisha toleo la kila prosesa, lenye jina kama `aarch64-linux-gnu-objdump` au `arm-none-eabi-objdump`, au kifurushi kama binutils-multiarch cha Debian. (`objdump -i` inakuorodheshea fomati na prosesa inazozijua.) llvm-objdump moja huwa inazijua zote. Anayeshughulika na prosesa tatu au nne kwa siku hana sababu ya kuhangaika na viambishi.

LTO ni sababu nyingine. Ukikompaili kwa Clang na `-flto`, faili la `.o` linalotoka si ELF hata kidogo. Ni bitkodi ya LLVM, yaani msimbo wa kati ambao bado haujawa maagizo ya mashine. readelf ya zamani itakuambia tu kwamba baiti za mwanzo si sahihi, na mtu asiyejua atafuta kila kitu na kujenga upya, apate jibu lilelile. llvm-nm husoma bitkodi bila maswali. Kwa GCC hali ni tofauti: faili ni ELF lakini simboli zimefichwa ndani ya seksheni za LTO, na zana ya kuzisoma ni `gcc-nm`. Kanuni ya kushika: tumia nm iliyotoka nyumba moja na kompaila yako.

Kuna na umri wa zana. GCC 11 ya mwaka 2021 ilianza kutoa DWARF 5 kama chaguo-msingi la taarifa za kutafutia kasoro, na Clang 14 ikafuata mwaka 2022. Binutils ya zamani ikikutana nayo hulalamika kuhusu `FORM` isiyoijua, na addr2line inakupa alama za kuuliza badala ya namba ya mstari. Kwa kusoma DWARF yenyewe, naiweka llvm-dwarfdump mbele ya `objdump --dwarf` na `readelf --debug-dump`: matokeo yake yana mpangilio wa mti unaosomeka, na unaweza kuomba jina moja tu kwa `--name`.

Basi GNU inabaki na nini? Inabaki na mafaili ya ajabu. Ukiwa na baiti ulizozisoma moja kwa moja kutoka kwenye chipu, zisizo na kichwa wala jedwali lolote, llvm-objdump haitazitambua. GNU hufanya hivi:

```
arm-none-eabi-objdump -D -b binary -m arm -M force-thumb --adjust-vma=0x08000000 chipu.bin
```

Hapo, tofauti na pengine pote, `-D` ndiyo sahihi, kwa kuwa hakuna seksheni ya kuchagua.

elfutils ni ndogo lakini ina vitu viwili ambavyo wenzake hawana kwa wepesi uleule. `eu-elflint` hukagua kama faili linafuata kanuni za ELF, na ni ya manufaa kwa anayeandika linka au anayehariri mafaili kwa mkono. Na tangu toleo 0.178 la mwaka 2019, elfutils hubeba debuginfod, huduma inayoletea dibaga taarifa zake kupitia mtandao kwa kutumia kitambulisho cha ujenzi. Kwa kupekua tu kwa kawaida, sioni haja ya kuhama kutoka readelf kwenda eu-readelf.

## Kugeuza: hapa usikurupuke

Kusoma hakuharibu. Kuandika kunaharibu, na objcopy pamoja na strip zina tabia moja ya hatari: usipotaja jina la faili la matokeo, huandika juu ya faili lilelile ulilowapa. Hakuna onyo. Jizoeze kutaja faili la pili hata pale usipolihitaji.

Kazi maarufu ya objcopy ni kutoa faili la kuchoma kwenye chipu:

```
arm-none-eabi-objcopy -O binary programu.elf programu.bin
arm-none-eabi-objcopy -O ihex programu.elf programu.hex
```

Kati ya hizi mbili, chagua ihex kama kifaa chako cha kuchomea kinaikubali. Faili la `.bin` halina anwani; ni baiti kuanzia anwani ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, na mapengo yote ya katikati hujazwa. Kwenye maikrokontrola nyingi za ARM Cortex-M, kwa mfano familia ya STM32, flashi huanzia 0x08000000 na RAM 0x20000000. Skripti ya linka ikisahau kuipa `.data` anwani ya kupakia iliyo ndani ya flashi, objcopy italijaza pengo lote kati ya hizo mbili, na programu ya kilobaiti chache inageuka faili la megabaiti 384. Wengi hukimbilia kuinyamazisha kwa `-j .text`. Faili linapungua kweli, ila thamani za mwanzo za vigezo vyako hazimo tena, na programu itaamka na takataka. Rekebisha skripti ya linka. Faili la ihex, kwa kuwa kila mstari una anwani yake, lingebaki dogo, na ungeiona anwani isiyofaa kwa macho.

llvm-objcopy inafanya haya mawili vizuri. Inaposhindwa ni kuvuka fomati. GNU, kwa sababu ya BFD, inaweza kuchukua ELF iliyounganishwa na kutoa PE. Mradi wa gnu-efi hutegemea hilo, kwa `--target efi-app-x86_64`, kutengeneza programu za UEFI. llvm-objcopy haigeuzi ELF kuwa PE. Hata hivyo usiichukulie GNU kuwa mkalimani wa kila kitu: maelezo yake rasmi yanaonya kwamba kunakili faili lenye rilokesheni, yaani `.o`, kutoka fomati moja hadi nyingine kunaweza kusiende kama ulivyotarajia. Ukihitaji `.o` ya fomati nyingine, kompaili upya.

Kazi ya pili ni kutenganisha taarifa za kutafutia kasoro na programu inayosambazwa. Kwa GNU au LLVM ni hatua tatu:

```
objcopy --only-keep-debug programu programu.debug
objcopy --strip-debug programu programu.ndogo
objcopy --add-gnu-debuglink=programu.debug programu.ndogo
```

Kwa elfutils ni moja: `eu-strip -f programu.debug -o programu.ndogo programu`. Hapa nachagua elfutils bila kusita. Kuna nafasi chache za kukosea mpangilio, na `eu-unstrip` huyaunganisha tena mafaili hayo mawili, kazi ambayo Binutils haina amri yake.

Kuhusu strip yenyewe: kwa programu iliyokamilika, `strip` bila chaguo inatosha. Kwa maktaba ya `.a` na kwa moduli za kerneli, ishia kwenye `--strip-debug`. Ukifuta simboli zote za `.a`, umebaki na maktaba isiyoweza kuunganishwa na chochote.

Kazi ya tatu ni kupachika data, kama picha au cheti, ndani ya programu:

```
objcopy -I binary -O elf64-x86-64 -B i386:x86-64 picha.png picha.o
```

Inafanya kazi, na inakupa simboli `_binary_picha_png_start`, `_end` na `_size`. Lakini siipendekezi tena. Majina hutokana na njia ya faili, kwa hiyo ukihamisha folda msimbo unavunjika. `_size` ni simboli ambayo anwani yake ndiyo ukubwa, jambo linalowachanganya wanaoisoma kama kigezo cha kawaida. Na faili hilo halina seksheni ya `.note.GNU-stack`, kwa hiyo linka za kuanzia Binutils 2.39 huonya kwamba staki itaruhusiwa kuendesha maagizo. Agizo la `.incbin` katika asembli halina matatizo ya majina, na kompaila inayokubali `#embed` ya C23 huondoa haja ya zana yoyote.

Kitu kimoja objcopy haikifai kabisa: kubadili kipakiaji au njia za maktaba za programu iliyokwisha kuunganishwa. Hiyo ni kazi ya patchelf, iliyozaliwa katika mradi wa NixOS. `--set-interpreter`, `--set-rpath` na `--replace-needed` hufanya yale ambayo readelf ilikuonyesha kuwa yana kasoro. chrpath nayo ipo, lakini haiwezi kuandika njia ndefu kuliko ile iliyokuwapo.

## macOS na Windows

Kwenye macOS fomati ni Mach-O, na readelf haina kazi. `otool -L` huonyesha maktaba, `otool -l` huonyesha amri za kupakia, `otool -tV` hufasiri maagizo. Faili moja linaweza kubeba prosesa mbili. `lipo -info` hukuambia zipi na `lipo -thin arm64` hutoa moja. Mabadiliko ya njia za maktaba hufanywa na install_name_tool. Kumbuka kwamba kugusa baiti huvunja saini ya faili, na mashine zenye chipu za Apple haziendeshi programu ya arm64 isiyo na saini halali. Zana ikikuonya kuhusu hilo, tia saini upya kwa `codesign -f -s -`.

Kwenye Windows, Visual Studio huja na dumpbin: `/dependents`, `/exports`, `/headers`, `/disasm`. Ni nzuri, lakini si lazima uwe na Windows kuuliza swali dogo. Kwenye Linux, `objdump -p faili.exe | grep 'DLL Name'` hutoa orodha ya DLL, mradi objdump yako inaijua PE, na `llvm-readobj --coff-imports` hukupa hadi majina ya funksheni.

## Mafaili usiyoyaamini

ldd huonekana kama zana ya kusoma tu, lakini katika hali fulani huiendesha programu yenyewe ili kujua maktaba zake. Maelezo yake rasmi yanakataza kuitumia kwa faili usilolijua. Badala yake tumia `objdump -p programu | grep NEEDED` au `readelf -d`. Orodha hiyo ina maktaba za moja kwa moja tu, si za maktaba za maktaba.

Hata zana za kusoma tu zina yao. Mwaka 2014 Michał Zalewski alionyesha kwamba `strings`, zana iliyoonekana salama kuliko zote, ilikuwa ikipitisha faili kwenye BFD ili kuchagua seksheni za kusoma, na faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuivuruga kumbukumbu yake (CVE-2014-8485). Tangu Binutils 2.25 chaguo-msingi limekuwa kusoma faili zima kama baiti tu. Kwenye mfumo wa zamani zaidi, weka `-a` mwenyewe. readelf, kwa kutopitia BFD, ina eneo dogo la kushambuliwa, ila nayo imewahi kukutwa na kasoro za kumbukumbu. Mradi wa Binutils, katika faili lake la SECURITY.txt, hauzihesabu kasoro za zana za upekuzi kuwa matatizo ya usalama, na unamtaka mwenye faili la kutiliwa shaka alifungue ndani ya mazingira yaliyotengwa. Kontena lisilo na mtandao, mtumiaji asiye na mamlaka, na faili lililowekwa kwa kusomwa tu vinatosha kwa kazi nyingi.